Roli au Pipa

Kiwanda cha Chapa Luhaga,
Mwanza.
12 Februari 1995

Mpwa wangu Winnie,

Ulifika au hukufika? Wiki tatu sasa, hata mstari mmoja sijapata. Kila treni ikiingia nakwenda stesheni kumuuliza yule mkaguzi wa tiketi kama umempa chochote aniletee. Jana aliponiona akapita mlango wa nyuma.

Huku tu wazima. Mama yako yuko Misungwi, mvua imemtendea haki, anasema mahindi yamemfika kifuani. Alipita hapa Jumanne na kuku wawili, mmoja wangu na mmoja wako, akaniambia nikuwekee. Nimekuwekea tumboni. Ngosha anakusalimu sana. Kikohozi kimempungua tangu aache sigara, au tuseme tangu atutangazie kuwa ameacha. Umeme unakatika saa nne asubuhi unarudi saa kumi jioni, kwa hiyo tunapiga chapa kwa kuvizia.

Salamu zimetosha, tuongee kazi. Najua unajua nilichokutuma huko kwenye karakana ya filamu ya Bi Hadiya, miezi mitatu ya uanafunzi, lakini nitarudia, maana ninyi vijana mkifika Dar masikio yanaziba. Mashine ya ofseti ya kuchapia tunayo. Pleti za bati tunazo, wino tunao. Tusichonacho ni mashine ya kupiga filamu, ile plastiki yenye picha ya ukurasa tunayomulikia pleti. Kila kazi ya rangi inakwenda Dar ikapigwe filamu huko, irudi kwa treni, na mara ya mwisho ilikaa siku kumi na moja ikafika imekunjwa kama chapati. Sasa Iqbal wa kiwanda cha minofu anataka lebo za sangara, rangi nne, kila mwezi, na anataka zitoke hapa hapa mjini. Ametupa hadi mwezi wa saba. Tukishindwa anapeleka Nairobi. Kazi hiyo ikienda Nairobi, mimi na Ngosha tutabaki na kadi za harusi, na hizo nazo wenye kompyuta wanatunyang'anya moja moja.

Muuzaji ana mashine za aina mbili, na Bi Hadiya anazo zote mbili chini ya paa moja. Kazi yako ni ndogo: zitazame, uniambie tununue ipi. Zitazame kama marehemu babu yako alivyokuwa anamtazama ng'ombe mnadani. Alikuwa hasikilizi sifa. Anafungua mdomo, anashika kwato, halafu anasema mtembezeni nimwone.

Nafasi nimeshaandaa. Ile kona ya makasha ya herufi za madini ya risasi nimeisafisha na kuipaka chokaa. Pasaka nataka uwe hapa.

Mjomba wako,
Masalu Luhaga


Magomeni,
Dar es Salaam.
3 Machi 1995

Shikamoo mjomba,

Najua marahaba yako imetoka kwa meno yaliyobana. Nisamehe. Nilifika salama, ila tangu siku ya pili Bi Hadiya alinitia kazini na sijakaa. Huku hakuna anayekaa. Kila mtu ameanzisha gazeti, kila mtu ana chama, kila mtu anataka filamu yake leo asubuhi na anasimama mlangoni anagonga saa yake kwa kidole. Chumba nimepata hapa Magomeni kwa mama mmoja Mhaya, mtu mwema, ananisimamia kama mwanawe na kila Jumapili ananiamsha kwa fujo twende kanisani. Mwambie mama asiwe na wasiwasi, na umwambie pia nimesikia habari za kuku wangu.

Mashine nimeziona, mjomba. Nimezishika.

Ya kwanza sisi tunaiita ya roli. Ukubwa wake kama kabati la sahani. Filamu inavutwa na roli mbili za mpira, kidogo kidogo, na leza inachora mstari juu yake, inavutwa tena, inachorwa tena. Haina maringo. Mtu akifundishwa wiki mbili anaiendesha.

Ya pili ni ya pipa. Hiyo ni jitu. Filamu inaingia ndani ya pipa, inanyonywa na hewa ikang'ang'ania ukutani, haisogei hata kidogo. Kinachozunguka ni kioo kidogo cha leza, katikati, kwa kasi ambayo masikio yanawasha. Hiyo inataka chumba cha baridi, umeme usioyumba, na mtu wa kuilinda kama mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku zake. Fundi aliyekuwa anailinda ameondoka mwezi jana, sasa nailinda mimi.

Mjomba, siku ya kwanza nilipoitoa filamu kwenye dawa ya kuioshea nikaiinua kwenye taa, herufi zilikuwa kali mno hata nikacheka peke yangu chumbani. Nilitamani uwe hapo. Miaka yote tunapanga herufi moja moja na koleo mkononi, na hapa ukurasa mzima unatoka kabla chai haijapoa.

Unasema umesafisha kona ya makasha. Herufi umeziweka wapi? Hasa zile kubwa ulizonifundishia kusoma kinyume nilipokuwa darasa la pili.

Mpwa wako,
Winnie


Mwanza.
20 Machi 1995

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua nimeisoma mara tatu, Ngosha akaisoma mara mbili kwa sauti. Imeandikwa vizuri sana. Tatizo ni kwamba nilikuuliza ipi, wewe umenijibu kwamba ni mbili. Kwamba ni mbili nilijua kabla hujapanda treni.

Mama yako ana homa kidogo, usishtuke, ameshameza dawa. Anauliza Pasaka utakuja na treni gani ili akachinje mapema.

Sikiliza, mayu, mwanangu. Mimi moyo haukai. Iqbal amepita hapa mara mbili wiki hii na pikipiki yake, haingii, anasimama tu nje anauliza "Mzee, vipi?" halafu anakwenda. Afadhali angeingia agombe. Juzi nimeamka nikafagia kiwanda chote, nikamaliza, nikafagia tena. Ngosha ameniambia nikae chini ninamtia kizunguzungu.

Tufanye hivi. Chukua lebo ya Iqbal, ile ya sangara mwenye mdomo wazi. Ipige filamu kwenye roli, rangi zote nne. Ipige tena kwenye pipa. Usiniandikie ipi ni ipi. Andika A na B pembeni, nitume zote, mimi nitengeneze pleti na nichape, macho yangu ndiyo yaamue. Hivyo hakuna muuzaji atakayetia maneno katikati.

Makasha yapo salama, usiyahangaikie. Wewe hangaika na filamu.

Mjomba wako,
Masalu


Dar es Salaam.
9 Aprili 1995

Shikamoo mjomba,

Mama mpe pole sana, na umwambie asichinje. Pasaka sitaweza kuja. Kazi za uchaguzi zimefurika, picha za wagombea ukutani mpaka chooni, na Bi Hadiya amenipa ufunguo wa chumba cha mashine, siwezi kuondoka nikamwachia. Msinikasirikie.

Filamu hizi hapa, seti mbili, A na B. Nimeziweka ndani ya bomba la plastiki zisikunjwe, na nimempa mkaguzi wako wa tiketi mkono kwa mkono. Amesema umemchosha. Nimemwomba msamaha kwa niaba ya ukoo.

Umetaka uamue kwa macho na utaamua. Lakini kwa kuwa umenituma nitazame, niseme langu. Tofauti kati yake ni ndogo sana. Sisi kule tuna umeme wa kuvizia, vumbi, joto, na hatuna fundi wa karibu. Mimi naona roli inatufaa. Hata Ngosha ataiendesha. Pipa ni ya watu wenye mambo makubwa.

Herufi uliziweka stoo ya nyuma? Maana stoo ile inavuja.

Winnie


Mwanza.
2 Mei 1995

Winnie,

Marahaba. Mama yako amepona. Pasaka tulikula ugali kwa sato, kila mtu anatazama mlango.

Filamu zako zimefika na nimezijaribu. Nikwambie ukweli, mashine zote mbili ni za hovyo. A na B zote sawasawa! Nimetengeneza pleti nane, zote nane zimetoka na ukungu. Herufi zimevimba, samaki magamba hayaonekani, kama vile tumemchapa ndani ya maji machafu. Huyo muuzaji ni tapeli, na Bi Hadiya kama anazisifia mashine hizi basi na yeye namtilia shaka. Mimi na Ngosha tulizikagua filamu kabla ya kuanza, tukasoma neno kwa neno, hakuna kosa. Kwa hiyo wala usiseme ni sisi.

Iqbal ameziona. Sitaki kulisimulia hilo.

Na ufunguo huo ni wa nini? Mwanafunzi wa miezi mitatu anapewaje ufunguo? Miezi mitatu yenyewe imekwisha. Si mara ya kwanza kukuuliza utarudi lini, sasa nakuuliza kwa wino mweusi: UTARUDI LINI?

Masalu


Dar es Salaam.
15 Mei 1995

Shikamoo mjomba,

Naomba usinikaripie kabla hujafika mwisho wa barua.

Filamu zile nilizitazama kwa lenzi moja moja kabla ya kuzifunga, na zilikuwa kali zote. Zikitoka ukungu A na B sawasawa, basi kosa haliko kwenye mashine. Mjomba, uliziweka juu ya pleti kwa upande upi? Filamu ina upande wenye dawa na upande mtupu. Upande wa dawa haung'ai, na ukilowesha kidole ukagusa pembeni unanata. Huo ndio unaolala juu ya pleti, ugusane nayo. Ukiugeuza, mwanga unapenya kwanza unene wa plastiki, unatawanyika, na ndipo herufi zinavimba. Tena ukiwa umeiweka sawa, ukiitazama pleti ya ofseti unaisoma moja kwa moja kama gazeti. Kinyume inakuwa kwenye mpira wa mashine, halafu karatasi inatoka sawa.

Kazi hiyo nilikuwa naifanya mimi ndiyo maana hamkupata kuiona. Nilipaswa kukuonyesha kabla sijaondoka. Nilikuwa na haraka ya kuondoka.

Nimekutumia pleti nane nyingine, Bi Hadiya ametupa. Rudia na filamu zile zile. Na mawazo yangu ni yale yale, roli inatosha.

Mama nimemtumia kitenge, mkaguzi atakukabidhi. Umesema Iqbal aliziona. Alisema nini?

Winnie


SIMU YA MAANDISHI
MWANZA 6 JUNI 1995

BARUA NA PLETI ZIMEFIKA. NIMEKUBALI USHAURI WAKO. TUNANUNUA ROLI. NATIA SAHIHI TAREHE 30. MASALU.


Dar es Salaam.
8 Juni 1995

Shikamoo mjomba,

Usitie sahihi. Kama umesimama, kaa. Kama una kalamu mkononi, iweke chini kwanza.

Simu yako nimeipata jana na tangu jana sijala. Nimekwenda kazini nikarudi, nikaenda tena, mama mwenye nyumba akaniuliza kama kuna msiba. Nimekudanganya, mjomba. Nitasema sasa kabla sijapoteza nguvu.

Seti ya A ni ya roli. Niliipiga mara tano. Nne za kwanza zilikuwa mbaya nikazitupa, ya tano ndiyo nikakutumia. Seti ya B, ya pipa, niliipiga mara moja tu. Hukuniuliza nilipiga mara ngapi na mimi sikusema.

Ubaya wa roli ni huu. Roli inavuta, na mpira unateleza. Katika lebo moja huoni kitu. Lakini Iqbal hatachapa lebo moja, atataka lebo ishirini kwenye karatasi moja kubwa, na filamu ikiwa ndefu kila rangi inakimbia kivyake. Ile misalaba midogo ya pembeni tunayopanga nayo rangi, juu inakutana, chini haikutani. Nyekundu inatoka nje ya samaki. Iqbal angezirudisha mwezi wa kwanza tu, na hapo kiwanda chako kingekuwa kimekwisha, kwa mkono wangu. Kwa kazi ya rangi nne ni pipa. Nilijua ni pipa tangu wiki ya pili.

Kwa nini nilisema roli? Kwa sababu roli mtu yeyote anaiendesha, na pipa hapo Mwanza hakuna wa kuiendesha isipokuwa mimi. Ukinunua pipa, ni lazima nirudi. Ukinunua roli, naweza kubaki. Bi Hadiya ameniajiri tangu mwezi wa tatu, mjomba. Ufunguo ulikuwa wa hiyo kazi. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha filamu.

Sitaki kurudi. Nimeshaandika, siwezi kuifuta. Hapa nikisema filamu hii haifai, watu wazima wenye magazeti yao wananyamaza na kunisikiliza. Huko ningebaki mpwa wa Masalu mpaka mvi zinitoke. Nakupenda, na wewe ndiye uliyenifundisha herufi, na bado sitaki kurudi. Nilishindwa kukuambia hivyo, nikaona rahisi kuipa sifa mashine.

Ukiniambia nirudi baada ya kusoma haya, nitarudi. Nitapanda treni bila kubishana. Ila nitarudi nikinung'unika, na wewe utaniona kila siku.

Nimekosa mbele yako. Sina la kujitetea.

Winnie


Mwanza.
24 Juni 1995

Winnie,

Marahaba.

Mama yako mzima, kitenge amekishona, Jumapili alikivaa mpaka padre akamtazama. Ngosha amerudia sigara. Umeme siku hizi unakatika mara mbili badala ya moja.

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta. Nilipofika penye "sitaki kurudi" nikaikunja, nikatembea mpaka gati la kivuko cha Kamanga, nikatazama kivuko kikijaa mbuzi na magunia na watu, kikaondoka, kikarudi, na mimi bado nimesimama. Nilikuwa na hasira nawe. Bado ninayo kidogo, niiseme ili isibaki. Umeniudhi sana. Mgeni akinidanganya kuhusu mashine nitamcheka. Wewe nimekulea ukilala juu ya mabunda ya karatasi chini ya meza yangu.

Sasa nisikilize na mimi, maana sikukuambia yote.

Kuhusu roli, nilijua. Pleti zako zilipofika tulifanya kama ulivyoelekeza, kidole na mate, na kweli samaki akatoka na magamba yake yote. Halafu nikazichukua filamu nne za A nikazipanga moja juu ya nyingine, nikazibandika kwenye dirisha linalotazama ziwa, jua la asubuhi likipiga. Msalaba wa chini ulikuwa umekimbia unywele mmoja. Nikaziweka za B, misalaba yote minne ikawa mmoja. Nikajiuliza, Winnie ana macho kuliko mimi, anawezaje kuandika "tofauti ni ndogo sana"? Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, nikaona kila nilipouliza utarudi lini ulijibu habari za roli. Ndipo nikapiga ile simu. Nilikuwa sinunui roli wala sitii sahihi yoyote. Nilikutegea. Nilitaka nione kama utaniacha nianguke. Siku zote hizi nilikuwa nakwenda posta asubuhi na jioni, mpaka karani akaniuliza kama nangojea pensheni. Hukuniacha, basi hilo limekwisha.

Sasa la kwangu, na usicheke kwa sauti kazini.

Zile pleti nane za kwanza hazikuwa na ukungu tu. Zilikuwa kinyume! Mimi na Ngosha tuliitazama filamu, tukaona inasomeka moja kwa moja, Ngosha akasema hii imekosewa, kitu kinachochapa lazima kiwe kinyume, tangu lini chapa ikasomeka? Miaka arobaini tunapanga herufi kinyume ili karatasi itoke sawa. Tukazigeuza filamu zote nane kwa kujiamini kabisa. Tukazisoma hivyo zikiwa zimegeuka, neno kwa neno, tusione ajabu yoyote, maana sisi kusoma kinyume ndiyo kusoma kwetu. Na Iqbal nilikuwa nimemwita aje aone karatasi ya kwanza ikitoka. Nilimpa kwa mikono miwili. Akaitazama. Akatoka nje, akainama kwenye kioo cha pikipiki yake, akaiinua lebo pale, akasoma polepole: "Minofu ya Sangara, Mwanza." Akanigeukia akasema, "Mzee, rangi ni nzuri." Ningepata shimo ningeingia. Ndiyo maana nilikuandikia kwa ukali vile. Aibu yangu nikaitupia mashine na muuzaji na Bi Hadiya. Mwambie namwomba radhi, ingawa hajui alichotukanwa.

Na umeniuliza habari za herufi mara mbili. Herufi hakuna. Nimewauzia wavuvi wa ng'ambo wiki ile ile uliyoondoka. Makasha yote, na zile kubwa za kwako. Wanazifunga pembeni mwa nyavu, risasi inazamisha vizuri kuliko mawe. Nilikuwa nataka nafasi ya mashine, na nilisema nikibaki nazo nitarudi kwazo kila nikitishika. Nilipoona mitumbwi inaondoka nazo nilitamani niwaite. Nikaona haya kukuambia, wewe uliyejifunzia hapo. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyeficha kitu.

Tufike mwisho. Nimemwandikia muuzaji. Tunanunua pipa, na jenereta kwa ajili ya umeme wetu huu, zinakuja mwezi wa tisa. Kwa Iqbal nilikwenda mwenyewe, nikamweleza kila kitu, hata kosa la kioo. Alicheka mpaka akakaa chini. Amenipa mpaka mwezi wa kumi, kwa sharti filamu za mwanzo uzipige wewe huko na umtumie kwa treni.

Wewe baki Dar. Sikurudishi. Mtu anayenung'unika karibu na kioo kinachozunguka namna hiyo ataniharibia mashine. Tena ulivyoandika, kwamba watu wazima wananyamaza na kukusikiliza, nilirudia kuisoma sehemu hiyo. Nilimsomea na mama yako. Aliitoa miwani akaifuta.

Lakini pipa lazima iwe na mtu, na Mwanza hayupo. Nimefikiri nimtume nani. Ngosha hataki, anasema akiona Dar kikohozi kitamrudia. Kijana wa kuajiri akishafundishwa atahamia kwa mwenye kompyuta mwezi wa pili. Nina miaka sitini na mmoja, herufi zangu zipo chini ya ziwa, na kazi hii mpya siijui hata upande wake wa juu.

Kwa hiyo ninakuja mimi. Treni ya Jumapili ijayo. Nipokee stesheni, nina bunda la viazi vikavu kutoka Misungwi na kuku aliye hai, wa kwako kweli safari hii. Nitakaa miezi miwili. Nitalala popote, nitakaa nyuma, nitaosha sinia za dawa kama mwanafunzi yeyote. Usiwaambie hapo kuwa mimi ni fundi wa miaka arobaini. Waambie nimetoka Mwanza kuja kujifunza. Nikikosea, nikosoe mbele yao, usinionee haya.

Jambo moja tu tupatane mapema, tusije tukatazamana mlangoni. Nje ya chumba cha filamu mimi ni mjomba wako, shikamoo unanipa wewe kama siku zote. Tukivuka mlango ule, naanza mimi.

Shikamoo, mwalimu.

Masalu